Napiga kinanda kwa sikio miaka 14 sasa. Je, nadharia ya muziki itanifaa au itaniharibu?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mpiga kinanda, mkazi wa Majengo hapa Mombasa, na umri wangu ni miaka 33. Nilianza nikiwa na miaka 19 katika kikundi cha tarabu cha mjomba wangu, na tangu hapo sijapitwa na msimu wa harusi. Sikusomeshwa na mtu. Mjomba alinikalisha nyuma ya kinanda, akaniambia nisikilize, nami nikasikiliza. Hadi leo wimbo nikiusikia mara mbili, mara ya tatu naupiga.

Mwezi uliopita niliitwa kuziba pengo katika bendi inayopiga kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Kiongozi wa bendi alinipa karatasi zenye herufi na namba. Nilizipokea kwa adabu, nikaziweka juu ya kinanda, kisha nikapiga kwa sikio kama nilivyozoea. Nyimbo tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Kabla ya wimbo wa nne, mwimbaji aliomba sauti ishushwe kwa kuwa koo lilikuwa limemchoka. Kinanda changu kina kitufe cha kuhamisha sauti; nikakibonyeza, nikakosea, nikakibonyeza tena, na wenzangu walikuwa wameshaingia. Kiongozi akaniinamia sikioni akasema, "Nenda ya nne, halafu ya pili ndogo." Sikumwelewa. Nikaweka mikono mapajani mpaka wimbo ukaisha, wageni wakinitazama.

Hakunigombeza. Aliniambia baadaye kwamba mkono wangu ni mzuri na kwamba atanipa nafasi ya kudumu msimu wa Desemba, iwapo nitakuwa nimejifunza nadharia. Ninakuandikia Septemba ikianza.

Nyumbani sipati kauli moja. Mjomba anasema nadharia ni ya watu wa shule na itaninyang'anya ladha. Binamu yangu anayesomea muziki chuoni anasema kwamba bila nadharia mimi si mwanamuziki, ni mwigaji tu, na neno hilo limenikaa kifuani. Mpiga udi wetu, ambaye ni mzee wa makamo, haingii katika ubishi huo, lakini kila mara hunilalamikia kwamba katika nyimbo fulani kinanda changu kinagombana na udi wake, na wala sijui kosa langu ni lipi.

Naomba unieleze: nadharia ya muziki ni nini hasa? Mtu kama mimi anaihitaji? Na nikijifunza, nitapoteza nilicho nacho?

Mpiga kinanda, Majengo

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na neno la binamu yako kwa sababu ndilo lililokuumiza, na pia kwa sababu si kweli. Mtu anayesikia wimbo mara mbili akaupiga mara ya tatu anajua sauti zinavyopangika. Asingejua, vidole vyake vingetangatanga. Ulichokosa hotelini usiku ule ni majina ya vitu ambavyo mikono yako imevifanya kwa miaka 14, na majina hujifunzwa.

Nadharia ya muziki ni elimu inayoeleza jinsi sauti zinavyohusiana: ipi iko umbali gani na nyingine, zipi zikikutana hutulia na zipi hudai kuendelea, pigo lipi ni zito na lipi ni jepesi, na kila jambo katika hayo liitwe nini ili watu wawili waelewane bila ya kulazimika kupigiana kwanza. Sisi wa Mombasa tusingestahili kuiogopa elimu ya namna hiyo, maana tunayo mwenzake katika ushairi. Mji huu ulikuwa na Muyaka bin Haji karne mbili zilizopita, na hadi leo kuna watu mabarazani wanaotunga mashairi yaliyotimia bila ya kukaa darasani kusomeshwa arudhi. Bila shaka umeshuhudia mazoezini: mtunzi ameleta maneno mapya, mwimbaji anaanza vizuri, akifika kipande cha pili anakwama na kusema, "Hapa pamepunguka." Ndipo mmoja anahesabu kwa vidole na kukuta mizani 7 mahali pa 8. Sikio la mwimbaji lilikuwa limekwisha kujua kwamba pana pengo. Hesabu ndiyo iliyoonyesha pengo liko wapi na ni la kiasi gani. Nadharia ya muziki hufanya kazi hiyohiyo.

Tenganisha pia nadharia na nota. Nota ni maandishi, na maandishi yako ya namna nyingi. Ile mistari mitano ni namna moja, na mizizi yake inarudi kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11 aliyepanga sauti juu ya mistari na kuzipa majina yaliyokuja kuwa do, re, mi. Solfa ya herufi, ambayo kwaya nyingi za makanisa hapa Pwani bado zinaitumia, ni namna nyingine. Ilienezwa na John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19 ikaletwa Afrika na wamishenari. Karatasi uliyopewa hotelini ni namna ya tatu, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtu anaweza kuijua nadharia kwa undani bila ya kusoma mistari mitano, na mwingine akasoma mistari hiyo kama anavyosoma gazeti asijue kwa nini sauti fulani imewekwa pale ilipo.

Sasa kaa kwenye kinanda chako, nikuonyeshe maana ya maneno uliyonong'onezwa.

Nina hakika kwamba unapiga karibu kila wimbo kwa vitufe vyeupe, ukianzia C, kisha unaiachia mashine ikuhamishie sauti. Wapigaji wengi wa sikio hufanya hivyo. Weka kidole kwenye C, uite do, kisha hesabu kila kitufe kuelekea kulia, cheupe na cheusi. Kutoka do hadi re ni hatua 2, re hadi mi ni 2, mi hadi fa ni 1, fa hadi so ni 2, so hadi la ni 2, la hadi ti ni 2, na ti hadi do ya juu ni 1. Jumla ni 12, nazo ndizo nusu sauti 12 za oktava moja, yaani do hadi do ya juu. Mpangilio huo wa 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1 ndio ngazi uliyoizoea. Ukiuanzisha popote, wimbo utakuwa uleule. Anzia D, uhesabu kwa mpangilio huohuo, na utajikuta umelazimika kukanyaga vitufe viwili vyeusi, F kali na C kali, yaani vile vilivyo kulia kwa F na kwa C. Hiyo ndiyo siri yote ya kile kitufe chako cha kuhamisha sauti: mashine inakuhesabia jambo ambalo vidole vyako vinaweza kulihesabu vyenyewe, na bila ya hatari ya kubonyeza mara moja zaidi wakati wenzako wameshaingia.

Kila sauti ya ngazi ina namba yake, na juu ya kila namba husimama kodi, yaani sauti tatu zinazopigwa kwa pamoja kwa kuruka moja moja. Ukiwa C, ya kwanza ni do, mi, so. Ya nne ni fa, la, do. Ya pili ni re, fa, la, nayo huitwa ndogo kwa sababu kutoka sauti yake ya chini hadi ya katikati pana nusu sauti 3, ilhali katika kodi kubwa huwa 4. Zipige mbili hizo moja baada ya nyingine: fa, la, do, kisha re, fa, la. Sauti mbili ni zilezile, na kilichosogea ni kidole kimoja tu, kutoka do kwenda re. Ninaamini umeshautikisa mkono wako hivyo mara elfu kwenye harusi za Kisauni na Likoni bila ya mtu kukuambia jina lake. Kiongozi wa bendi alikuomba kitu ulicho nacho, kwa jina usilolijua.

Zilizosalia si nyingi. Ya kwanza, ya nne na ya tano ni kubwa. Ya pili, ya tatu na ya sita ni ndogo. Ya saba ina tabia yake na hutumika kwa nadra. Nyimbo nyingi utakazopewa hotelini zitazunguka ndani ya kodi nne au tano kati ya hizo.

Nimekaa hapo kwa sababu Desemba iko karibu, lakini lililonifanya niichague barua yako ni lile la mzee wako wa udi. Mzee yule ana haki, na sababu yake inapatikana ndani ya nadharia, ila siyo ile atakayokupa binamu yako.

Kinanda chako kimeigawa oktava katika nusu sauti 12 zilizo sawasawa. Udi hauna vikato shingoni kama vya gitaa. Kidole cha mpigaji hutua popote sikio lake linapotaka, na katika maqamu kadhaa za Kiarabu, yaani ngazi ambazo nyimbo zake hujengwa juu yake, sikio hutaka mahali ambapo kinanda chako hakina kitufe. Chukua rast, mojawapo ya maqamu hizo, ikianzia C. Sauti yake ya tatu haiko kwenye E, na haiko kwenye kitufe cheusi kilicho kushoto kwa E. Iko takribani katikati ya hivyo viwili, na ya saba nayo vivyo hivyo. Wewe unaposhika do, mi, so kwa nia njema, mi yako inasimama robo ya sauti juu ya ile anayoipiga mzee. Mnasikika kama watu wawili wanaotamka neno moja kwa lafudhi mbili kwa wakati mmoja. Katika bayati, maqamu nyingine, ugomvi uko kwenye sauti ya pili. Katika hijaz hamgombani sana, kwa kuwa sauti zake zinakaribiana na vitufe ulivyo navyo, na nadhani ukimwuliza mzee ni nyimbo zipi zinazomkera na zipi zinazompendeza, majibu yake yatafuata mgawanyo huo.

Dawa yake ni nyepesi. Inapopigwa rast, iache sauti ya tatu na ya saba, ushike do na so peke yake, na umwachie mzee nafasi ya katikati. Baadhi ya vinanda vina mpangilio wa kushusha sauti moja moja kwa robo. Kama chako kinao, shusha E na B kabla ya wimbo kuanza, na ukumbuke kuzirudisha ukiisha. Mtu aliyesoma vitabu vya nadharia ya Ulaya peke yake angeweza kusema kwamba udi umepotoka sauti. Hilo huniudhi sana, kwa maana huko ni kulipima debe la mchele kwa futi ya fundi. Nadharia ziko zaidi ya moja, na mpigaji wa Mombasa anayetoka kwenye tarabu jioni akaingia hotelini usiku anahitaji kuwa na akili ya zote mbili.

Hata wataalamu wa maqamu wenyewe hawakukubaliana juu ya robo hizo. Mwaka 1932 ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo, na mojawapo ya mambo yaliyozusha mjadala lilikuwa kama oktava igawanywe katika robo 24 zilizo sawa, wakati masikio ya wapigaji wa miji mbalimbali hayaiweki ile sauti ya tatu ya rast mahali pamoja. Waturuki, kwa mfano, huiweka juu kidogo kuliko Wamisri. Sikio lilitangulia, nadharia ikafuata nyuma ikijaribu kulieleza. Mjomba wako angefurahi kulisikia hilo, na nakuomba umwambie.

Kuhusu mapigo sitakuchosha, kwa kuwa umelelewa kwenye chakacha na humo umeshapata zaidi ya wanachopata wengi darasani. Hesabu sita kwa mdomo, piga mkono wa kulia kwenye 1, 3 na 5, na wa kushoto kwenye 1 na 4. Hizo tatu juu ya mbili ndizo zinazowatikisa akina mama harusini, na kwenye karatasi huandikwa 6 juu ya 8. Ukiona namba hizo usihangaike; uko nyumbani.

Je, mwanamuziki anaihitaji nadharia? Inategemea anafanya kazi na nani. Paul McCartney wa bendi ya Beatles amesema waziwazi kwamba hasomi wala haandiki nota, na hakuna atakayethubutu kumwita mwigaji. Lakini katika chumba chao cha kurekodia alikuwepo George Martin, mtayarishaji wao aliyesomea muziki London, na ndiye aliyeandikia wapigaji wa fidla na sello sehemu zao pale walipohitajika. Nimeliona hilo mara nyingi katika vikundi vya hapa kwetu pia: penye mtu anayepiga kwa sikio na mambo yakanyooka, tazama vizuri, utamkuta pembeni yake mwingine anayejua majina.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wimbo wetu wa taifa. Mahadhi yake yametokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa huku kwetu Tana, ambao akina mama waliwaimbia watoto bila ya karatasi yoyote. Mwaka 1963 jopo la watu watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, liliuchukua likaupangia sauti nyingine za kwenda pamoja nao, hata ukawezekana kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi ya tarumbeta. Wale akina mama hawakuhitaji nadharia ili mtoto alale. Jopo liliihitaji ili watu mia moja wasiojuana waingie pamoja. Wewe ulipokuwa na mjomba ulikuwa upande wa akina mama; bendi ya hoteli inakuvusha upande wa pili.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi. Nilianza kujifunza majina nikiwa na miaka 27, baada ya kupiga udi miaka tisa kwa sikio tu. Kwa miezi kama minne hivi niliharibikiwa. Nilikuwa nasikia namba badala ya wimbo. Mwimbaji analia na mimi nahesabu, na jioni moja Mji wa Kale mzee aliyenifundisha udi aliniambia niuweke chini nirudi nikiwa na moyo wangu. Nilikwenda nyumbani nikadhani nimejiua kimuziki. Nikaendelea kujifunza asubuhi, na jioni nikajilazimisha kupiga huku nimefumba macho, bila ya kutaja jina la sauti yoyote kichwani. Polepole majina yakarudi nyuma, yakakaa pale yanapokaa majina ya vichochoro vya mtaa wako, ambavyo huvitaji unapopita lakini mgeni akikuuliza unamjibu mara moja. Kwa hiyo mjomba wako hakukosea kabisa: ladha hupungua kwa muda. Kwangu ilirudi, na nimeiona ikirudi kwa wanafunzi wengi ambao hawakuacha kupiga kwa sikio wakati wanajifunza. Walioumia ni wale walioacha.

Kwa miezi mitatu uliyo nayo, usifukuzie mistari mitano; muda hautatosha na hukuombwa. Chukua ngazi ya C, ya G, ya D, ya F na ya A, kila moja na kodi zake sita, nusu saa kila asubuhi kabla ya shughuli, na kile kitufe cha kuhamisha sauti usikiguse mpaka Desemba. Kila wimbo wa harusi unaoupiga usiku, asubuhi yake utafutie namba: hapa nilikwenda ya nne, hapa nikarudi ya kwanza. Kama mtaani kwenu kuna mwalimu wa kwaya, mwombe akufundishe solfa; sikio lako likishashika kwamba do huhama, nusu ya kazi imekwisha.

Mitihani iache kwa sasa. Ile ya bodi ya ABRSM ya London, ambayo imekuwepo tangu 1889, itakufaa ukitaka kufundisha shuleni, na ukifika huko ujue kwamba kwa kawaida daraja la 6 la upigaji hulifikii bila ya kufaulu daraja la 5 la nadharia. Kwa upande wa tarabu, Dhow Countries Music Academy kule Unguja imekuwa ikifundisha udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na nadharia pamoja tangu 2002, na ukipata wiki mbili za kuvuka bahari hutajuta.

Lakini kwanza mpigie simu kiongozi wa bendi wiki hii. Mshukuru kwa kutokugombeza, mwambie unajifunza, na umwombe orodha ya nyimbo za Desemba pamoja na karatasi zake zote na sauti ambayo mwimbaji wao huimbia kila wimbo. Na Ijumaa, kabla ya mazoezi, mwombe mzee wako akupigie rast polepole, kupanda na kushuka, nawe urekodi kwa simu. Akifika sauti ya tatu, weka kidole kwenye E, usikilize.